Kirangozi Asiye na Moyo

Msafara wa kutoka pwani ukifika Tura ulikuwa umeshachapwa na Mgunda Mkali, lile pori la kiu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, anamweleza kirangozi, yaani mwongoza njia wa misafara ile: joho jekundu, ngozi ya mbega. Hakuwa bosi. Alikuwa mpagazi, naye kabeba mzigo. Alianzisha wimbo, wapagazi wenzake wenye mizigo ya frasila mbili mabegani wakamwitikia, miguu ikasonga.

Je, wajua kuwa leo kazini kuna kirangozi wa aina nyingine, asiye na miguu wala moyo?

Babu yake ni ELIZA, programu ya kompyuta iliyotangazwa mwaka 1966 na Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani. Ilichofanya ni kukurudishia maneno yako tu. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: unaandika, "Nimechoka na bosi wangu," nayo inakuuliza, "Umechoka na bosi wako tangu lini?" Basi. Lakini katibu muhtasi wa Weizenbaum, aliyemwona akiiunda kwa miezi na kujua fika kuwa ni mashine, alipoandikiana nayo kidogo tu alimwomba bosi wake atoke chumbani.

Wajukuu wa ELIZA, hizi programu za akili unde, wamekwenda mbali zaidi. Mchumi Erik Brynjolfsson na wenzake walichunguza wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, ambao baadhi yao walinong'onezwa na programu jibu la kumpa mteja. Matatizo yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14. Kwa wageni wa kazi, asilimia 34. Wakongwe hawakupata cha maana. Wateja walipunguza ukali, na wageni hawakuacha kazi ovyo. Kinachonichekesha ni kwamba programu ilifundishwa kwa mazungumzo ya wahudumu hodari: mgeni akiambiwa na mashine aseme "pole", anaazima ulimi wa mkongwe wa meza ya pili.

Shida huja utamu wa maneno ya mashine ukizidi. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la ChatGPT kwa sababu lilikuwa likimsifia mtu kupita kiasi, hata kwa wazo bovu. Mashine haipungukiwi kitu ikikupamba. Kirangozi aliyeimba kuwa maji yako karibu, kumbe bado, koo lake nalo lilikauka mpaka Tura.