Je, Wajua Nani Huwapikia Sokwe Uji?

Je, wajua kwamba kutoka Shangani hapa Mtwara unaweza kufuata pwani hadi mdomo wa Ruvuma, ukakata kuelekea Newala, ukamaliza mkoa mzima, na usikutane na sokwe hata mmoja? Tumbili utawaona, na nyani wa kung'oa mihogo ya watu hawakosekani. Sokwe wa Tanzania wako ubavu wa pili wa nchi, magharibi, jirani na Ziwa Tanganyika, na wengine wako kisiwani Rubondo kwa sababu tutakayoifikia. Sasa kwa nini safu ya Mtwara ihangaike nao? Sababu ya kwanza iko Mikindani, mwendo wa daladala tu.

Je, wajua kwamba Machi 1866 David Livingstone alishukia Mikindani, akaanza safari yake ya mwisho kwa kufuata Ruvuma kwenda bara? Alikuwa na kina Chuma na Susi, wale waliokuja kuubeba mwili wake hadi pwani. Miaka mitano baadaye, huko Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, mtu aitwaye Katomba alimpa zawadi ya sokwe mchanga, jike, aliyekamatwa baada ya mama yake kuuawa. Livingstone aliandika kwenye shajara yake kwamba mtoto yule alikuwa mpole, alinyoosha mkono abebwe, na asipobebwa alikunja uso na kulia kama binadamu. Hakwenda naye. Alimwachia Katomba amtunze.

Mzee wa watu hakuwa na pa kumpeleka. Mwaka ule hapakuwa na mahali popote Afrika palipojengwa kwa ajili ya sokwe yatima. Leo mahali pa namna hiyo papo, Uganda, Kenya, Kongo zote mbili na kwingineko, na tunapopataja tunataja majina mawili matatu ya wazungu, basi. Safu ya leo ni ya wale wengine.

Je, wajua mtoto wa sokwe hunyonya hadi karibu miaka mitano? Ndiyo maana ukimkamata mmoja wa kuuza ni lazima kwanza umuue mama, na mara nyingi na ndugu waliojitokeza kumtetea. Anayefika kwenye kituo huwa amekonda, ana kovu la kamba kiunoni, na hataki kushikwa. Au anataka kushikwa tu, saa zote. Hapo ndipo mlezi anapoanza kazi: kumbeba mgongoni na kiunoni mchana kutwa, kumpa chupa ya maziwa, kulala naye usiku. Mtoto akijisaidia juu ya nguo, unabadilisha nguo. Akiuma, unavumilia. Na muda wote huo barakoa haitoki usoni, kwa sababu mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Huu si usufi.

Je, wajua sokwe hawajui kuogelea? Wakitumbukia maji ya kina huzama. Udhaifu huo ndio uliofanya Ngamba iwe Ngamba. Ni kisiwa cha Ziwa Victoria, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, chenye ukubwa wa ekari 100 na karibu zote ni msitu wa sokwe. Kituo kilifunguliwa Oktoba 1998 kwa sokwe 19. Uzio wa umeme unawatenga na kipande kidogo cha kambi ya watu, na upande uliobaki ziwa lenyewe ni ukuta. Mchana wanazurura msituni. Lakini msitu wa ekari mia hautoshi kulisha sokwe kadhaa wa kadhaa, kwa hiyo matunda na mboga huvushwa kwa boti kutoka bara, siku baada ya siku, mvua inyeshe isinyeshe. Jioni wengi wao hurudi wenyewe kwenye mabanda ya kulala, na hapo kuna uji. Mlezi anawajua kwa majina na tabia zao: yupi hupora sehemu ya mwenzake, yupi hapendi kukaa jirani na nani, yupi leo hajala na kwa hiyo daktari aitwe.

Uji huo unapikwa na mtu. Unga ulisagwa na mtu, ndizi zililimwa na mtu, boti iliendeshwa na mtu. Mwaka 2020 watalii walipokatika dunia nzima kwa sababu ya korona, vituo vya namna hii vilikosa viingilio, lakini tumbo la sokwe halikuwa na habari na korona.

Je, wajua Kenya haina sokwe wa asili? Lakini ukienda Ol Pejeta, nje ya Nanyuki, utawakuta. Kituo cha Sweetwaters kilianza mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori la Kenya na Taasisi ya Jane Goodall. Wa kwanza kufika walikuwa wakimbizi hasa: walitoka Bujumbura vita vya Burundi vilipoanza. Huko kuna sokwe aitwaye Poco. Utotoni aliwekwa Bujumbura ndani ya kizimba chembamba kilichotundikwa ili kuvutia wateja wa duka, na kwa kuwa hakuweza kukaa wala kulala vizuri, alizoea kusimama. Hadi ukubwani Poco anatembea wima kwa miguu miwili kama mtu anayekwenda ofisini. Wageni hucheka wakimwona. Wakisimuliwa sababu, kicheko hukatika.

Je, wajua yupo mwingine pale aliyetokea Iraki? Anaitwa Manno. Alikuwa katika bustani ya wanyama ya mtu binafsi mjini Duhok, Kurdistani, akivishwa nguo za kitoto, akilishwa peremende na kupewa sigara ili wateja wapige naye picha. Mwalimu wa shule kutoka Kanada, Spencer Sekyer, alikwenda kujitolea kwenye bustani ile mwaka 2013, akamwona, akarudi kwao na hakuweza kumsahau. Alisumbua watu kwa barua na simu kwa miaka. Vita dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu vilikuwa vikipiganwa si mbali na hapo. Mwishoni mwa Novemba 2016 Manno alishushwa Kenya, akawekwa karantini, akapimwa, kisha kidogo kidogo akatambulishwa kwa wenzake.

Hilo la kutambulishwa lisomeke mara mbili. Huwezi kumsukumia sokwe mgeni katika kundi la wakubwa, wanaweza kumuua. Walezi huanza na jike mmoja mpole, wakiwatenganisha kwa wavu, wakatazama. Kisha wavu unafunguliwa. Kisha wa pili, wa tatu. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na wanaoamua kwamba leo ndiyo siku ni wale wanaosafisha mabanda, kwa kuwa ndio wanaojua nani ameamka vibaya. Habari za Manno zilienea duniani zikimtaja mwalimu, na alistahili. Hawa waliofungua wavu sikuwasikia wakitajwa.

Je, wajua kuhusu Lwiro? Kivu Kusini, karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, Wabelgiji waliwahi kujenga kituo kikubwa cha utafiti, majengo ya fahari katikati ya mashamba. Tangu 2002 kipande chake ni makao ya sokwe na kima yatima, chini ya taasisi ya uhifadhi ya Kongo na kituo cha utafiti cha serikali. Wafanyakazi wengi ni watu wa vijiji vya jirani, na chakula hununuliwa kwa wakulima wa hapo hapo. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, ulio karibu kabisa na Lwiro, kisha Bukavu yenyewe. Mtu mwenye akili timamu siku kama hiyo hukusanya wanawe na kukimbia. Wanyama waliofungiwa hawakimbii, lazima mtu aje na ndoo.

Je, umeiona ile video ya sokwe anayemkumbatia bibi wa Kizungu mwenye mvi? Sokwe ni Wounda, bibi ni Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mwaka ni 2013, mahali ni Tchimpounga, Kongo-Brazzaville. Wounda anatolewa kwenye sanduku, anapanda juu, anageuka, anamkumbatia Goodall muda mrefu. Mamilioni ya watu wametoa machozi. Sasa sehemu isiyoonekana: Goodall alikuwa amekutana na Wounda siku ile ile kwa mara ya kwanza, na alilisema mwenyewe. Aliyemtoa Wounda mlangoni mwa kaburi ni daktari wa wanyama Rebeca Atencia na wenzake wa Kikongo, waliompa hata damu ya sokwe mwingine. Sisemi kumbatio lilikosea njia. Nasema kamera ilisimama upande mmoja.

Na Goodall hakuwa mchoyo wa kutaja watu. Alipofika Gombe, Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, na mama yake mzazi, walikuwa na mpishi, Dominic Bandora. Porini aliongozana na watu kama Rashidi Kikwale. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na katika maombolezo yote yale nilitafuta jina la Bandora nikaliona mara chache mno.

Je, wajua aliyekuwa wa kwanza kushuhudia na kuandika shambulio lililofungua vita vya sokwe wa Gombe, Januari 1974, ni Mtanzania? Hilali Matama, mwenyeji wa Kigoma. Na mwaka uliofuata, Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire wakawateka watafiti wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wageni wakaondoka Gombe na wengi duniani walidhani utafiti umekwisha. Haukwisha. Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao walichukua madaftari wakaendelea kuwafuata sokwe mlimani asubuhi hadi jioni, wakiandika kwa Kiswahili. Kama ingekuwa timu ya mpira, hawa wangekuwa na sanamu mjini Kigoma.

Upande wa kusini wa Gombe, Mahale, hadithi inafanana: Toshisada Nishida wa Japani alianza kazi mwaka 1965, na aliyempitisha msituni ni mwenyeji wa kabila la Watongwe.

Sasa Rubondo. Kati ya 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, likawafungulia kisiwani humo, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Walikuwa wamekamatwa porini wakiwa wadogo, baadhi wameishi ndani ya vizimba kwa miaka. Hakuna aliyewafundisha chochote. Waligundua wenyewe kipi chaliwa, wakajenga viota, wakazaana, na wazao wao wako huko leo. Ni habari tamu na husimuliwa kwa utamu. Isiyosimuliwa ni kwamba kisiwa hakikuwa kitupu. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi Rubondo walihamishwa ili kipatikane. Tukipanga orodha ya waliofanikisha makazi ya sokwe, wao wako juu kabisa, na hawakuombwa rai.

Msomaji wa Msimbati hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2000 ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuna waliotakiwa kuacha nyavu walizozirithi na maeneo waliyoyajua tangu utoto. Matumbawe yalilindwa kwa gharama ya vyungu vya watu fulani. Ukisikia hotuba za siku ya bahari, hesabu mara ngapi vyungu hivyo vinatajwa.

Haya, ya haraka haraka. Je, wajua sokwe aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 50 na zaidi? Anayeokolewa mwaka huu akiwa mchanga atakula uji wa watu wa mwaka 2075, na mlezi wake wa kwanza atakuwa amestaafu zamani. Je, wajua majike wengi wa vituoni huwekewa dawa ya uzazi wa mpango? Kila nafasi inayochukuliwa na mtoto aliyezaliwa humo ni nafasi anayokosa yatima. Je, wajua mtandao wa Roots & Shoots, ulio katika nchi kadhaa za dunia, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokaa barazani kwa Goodall? Je, wajua tarehe 14 Julai ni Siku ya Sokwe Duniani, tangu 2018? Na vijiji vya pembezoni mwa Gombe, tangu mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall uanze mwaka 1994, vimekuwa na vitalu vya miche na walinzi wao wa misitu, wanaopiga doria wakiwa na simu mkononi kurekodi kila mti uliokatwa na kila kiota walichokiona.

La mwisho, kwa wenzetu wa bandarini na uwanja wa ndege wa Mtwara. Mapema mwaka 2005, uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, lilikutwa kreti lililozungushwa kutoka nchi hadi nchi. Ndani walikuwamo sokwe wachanga sita na kima wanne, bila chakula wala maji. Sokwe mmoja alikufa. Maofisa wa wanyamapori waliwachukua waliobaki, na sokwe watano wakapelekwa Sweetwaters, ambako walezi walikuwa wameshaandaa chupa.