Kola Haihitaji Utamu Mwingine

Anayechanganya vinywaji nyumbani, iwe kwenye kipaimara Mbinga mjini au kwenye sikukuu ufukweni Mbamba Bay, mara nyingi hukosea mahali pale pale. Huchukua kola, ambayo ni tamu tayari, akaiongezea Fanta, juisi ya boksi au sharubati ya pakiti. Rangi hupendeza kwenye picha, lakini mdomoni ni pipi iliyoyeyuka, na mgeni akimaliza nusu bilauri huomba maji. Hoja ya makala haya ni kwamba kola tayari imejaa sukari, asidi na viungo, kwa hiyo mwenzake ndani ya bilauri awe kitu kisicho na sukari kabisa: chenye uchungu, au chenye ukali na harufu mbichi. Kwa mkazi wa Mbinga na Nyasa vitu hivyo havihitaji duka la mjini. Uchungu unaota milimani kwa Wamatengo na unaitwa kahawa, na ndimu ipo kila soko.

Tuanze na kilichomo kwenye chupa. Mililita 100 za Coca-Cola ya kawaida zina sukari gramu 10.6 hivi, hivyo chupa ya mililita 350 ina gramu 37. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie nusu ya hapo. Chupa moja imekula sehemu kubwa ya posho hiyo kabla hujamimina kingine. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kola ni kali pia: asidi ya fosforiki huishusha hadi pH ya 2.5 hivi, si mbali na maji ya ndimu yenyewe. Ulimi hauhisi ukali huo kwa sababu sukari imeufunika. Hapo mtu atauliza: kama asidi ipo tele, ndimu ya nini? Jibu ni kwamba asidi ya fosforiki ni kali lakini haina harufu yoyote. Ndimu huleta asidi nyingine, na muhimu zaidi huleta mafuta ya ganda lake, ambayo pua huyapata kabla bilauri haijagusa mdomo. Kwa hiyo usikamue tu ukatupa. Kata kipande cha ganda, likunje juu ya bilauri mpaka litoe vitone, kisha litumbukize.

Vinywaji vya kola vilivyodumu duniani vinaunga mkono hoja hii. Mchanganyiko wa ramu, kola na ndimu uliozaliwa Havana mwanzoni mwa karne ya 20 umesimama kwa ndimu. Kule Córdoba, Argentina, kola huchanganywa na fernet, kileo cha mitishamba kichungu kiasi kwamba wengi hawawezi kukinywa kitupu. Wabaski wa kaskazini mwa Hispania huichanganya nusu kwa nusu na divai nyekundu isiyo tamu, na hapo kazi inafanywa na ukakasi wa zabibu. Mtu mwenye chupa ya divai nyekundu kavu ya Dodoma anaweza kujaribu hilo la mwisho leo jioni. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kilichopata jina kwa kuongeza sukari juu ya sukari.

Mbinga ina fernet yake, ila tumezoea kuiuza tu. Arabika ya milima ya Matengo humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa, kisha sehemu kubwa huenda nje ya nchi kama kahawa nyingine ya Tanzania. Kahawa iliyooshwa namna hii ina uchungu mwembamba na uchachu safi, na viwili hivyo ndivyo ulimi unavyovikosa kwenye kola. Pika nzito kuliko ya kawaida: vijiko viwili vikubwa vya unga wa kahawa kwa mililita 100 za maji ya moto, dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi na uiache ipoe kabisa. Usitie sukari. Weka barafu kwenye bilauri ndefu, mimina kola mililita 150, halafu teremsha kahawa mililita 50 polepole juu ya mgongo wa kijiko, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu. Kola, kwa sababu ya sukari yake, ni nzito kuliko kahawa, hivyo kahawa huelea na kujitenga kwa mstari mweusi zaidi. Kahawa ikiwa vuguvugu, au ikiwa na machicha, povu litafurika hadi mezani: joto hufukuza gesi, chembe huipa mahali pa kuanzia viputo, na protini za kahawa huzuia viputo visipasuke. Kuchuja na kupoza si mbwembwe.

Suala la gesi lina mvuto wake katika wilaya hizi mbili, Mbinga na Nyasa. Mbinga mjini ipo mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500. Kati ya mji na ziwa ni kilomita zisizofika 70 za barabara ya lami. Kanuni aliyoieleza Mwingereza William Henry mwaka 1803 inasema gesi huyeyuka zaidi kwenye kimiminika kadiri shinikizo linavyokuwa kubwa. Kwa kipimo hicho pekee soda ingepoteza gesi upesi zaidi mlimani, kwani huko shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini joto lina nguvu kuliko mwinuko. Maji ya nyuzi 30 hubeba gesi pungufu kwa karibu robo kuliko maji ya nyuzi 20. Ndiyo maana soda iliyokaa kivulini Mbinga bado inachoma ulimi, ilhali ya Mbamba Bay iliyokaa mezani mchana hufurika ikifunguliwa na kubaki maji ya sukari. Ulimi pia huhisi utamu zaidi kinywaji kikiwa cha joto, kwa hiyo kola ya joto ina makosa mawili kwa pamoja.

Wa ufukweni anaweza kusema kwamba barafu ni anasa ya wenye friji. Ni kweli kwa nyumba nyingi, lakini barafu ni msaidizi tu. Kinachotakiwa ni kila kitu kuwa baridi kabla ya kuchanganywa: kola, kahawa, hata bilauri. Deli moja la kukodi linatosha sherehe nzima likiwa limefungwa vizuri. Pasipo deli, chupa iliyoviringishwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini penye upepo hupoa kwa maji kukauka, hasa miezi ya Mei hadi Agosti upepo wa kusini unapovuma ziwani. Haitakuwa ya friji, lakini itanyweka. Barafu yenyewe itokane na maji yaliyochemshwa. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu kwa uhakika, na toti ya pombe ndani ya bilauri haitavimaliza.

Pingamizi zito zaidi ni la kafeini: kahawa inayo, kola inayo, je hatuwakeshi wageni? Kola mililita 150 ina miligramu 15 hivi. Ukijumlisha na kahawa ile, bilauri moja iko karibu na kikombe kimoja cha kawaida cha kahawa nzito. Mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa mbili mchana bila shida. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo mwenye kuitumia apunguze. Kwa watoto na wajawazito ondoa kahawa, weka tangawizi iliyotwangwa na kukamuliwa, pamoja na ndimu, na kola iwe kidogo. Ukali wa tangawizi unafanya kazi ile ile ya uchungu.

Kileo kina tahadhari zake. Konyagi ina asilimia 35 ya pombe, hivyo mililita 40 zina gramu 11 hivi za pombe halisi. Pima kwa kile kikombe cha dawa ya watoto chenye mistari, kwa sababu kola huficha ladha na mkono haujui kupima. Tangulia na Konyagi na ndimu, kola ifuate ikiteremka ubavuni mwa bilauri iliyoinamishwa, koroga mara moja tu. Kafeini humfanya mnywaji ajione mzima kuliko alivyo. Anayekimbilia kola isiyo na sukari ajue kwamba utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 ulikuta kileo chenye soda ya namna hiyo kikitoka tumboni kwa nusu yake ndani ya dakika 21, dhidi ya dakika 36 kwa soda ya sukari, na pombe kwenye damu ikapanda juu zaidi. Gongo isiguswe kabisa. Mbali na kukatazwa na sheria, methanoli ikiwemo haiondolewi na ndimu wala kola.

Kuhusu kola inayobaki kwenye chupa kubwa ya plastiki, wengi huiminya itoe hewa kabla ya kufunga. Haisaidii. Chupa iliyominywa hujivuta irudie umbo lake, na gesi hutoka kwenye kola kwenda kujaza nafasi hiyo. Funga kwa nguvu bila kuminya, irudishe kwenye baridi, au nunua chupa ndogo ndogo tangu mwanzo.