Mtaa Wetu wa Mibuyu

Ukitajiwa Mombasa bila shaka unafikiria jua la utosi, jasho na makelele ya matatu. Ni kweli, lakini basi hujafika Kizingo. Mtaa huu uko kusini-mashariki mwa kisiwa, mwendo wa miguu tu kutoka Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Mimi naishi hapa, na wenzangu darasani hawaachi kuniuliza: mbona kwenu hakuna joto?

Wakati wa ukoloni maafisa wa Kizungu walijichagulia upande huu unaopata upepo wa bahari. Wakajenga nyumba za chini zenye baraza pana na viwanja vikubwa, na hivyo miti ikapata nafasi. Mikungu, miembe na miarobaini imetandaza matawi mpaka juu ya barabara. Kivuli huzuia jua, na majani nayo hutoa mvuke unaopoza hewa. Saa saba mchana mtu anatembea bila kutafuta mahali pa kujificha.

Lakini mwenye mtaa hasa ni mbuyu. Nenda Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka wa 2019, ujionee. Jioni watu hujaa pale kula mihogo ya pilipili na ndimu, watoto wakikimbizana kati ya mashina. Shina la mbuyu ni laini na huweka maji mengi, ndiyo maana wakati wa kiangazi mti hupukutisha majani yote na bado haufi. Maua yake hufunguka usiku yakachavushwa na popo. (Wale wanaosema mibuyu ina majini pengine walisikia popo tu!) Na ubuyu ule unaotutia wekundu ulimini, si unatoka humo humo?

Siku hizi, hata hivyo, nyumba za zamani zinabomolewa na ghorofa zinapanda. Karibu na kwetu palikuwa na mbuyu ambao sisi watoto wanne tukishikana mikono hatukuweza kuuzunguka. Ulikatwa kwa siku tatu. Sasa pale magari yanaegeshwa, na ukipita saa mbili usiku bado unasikia joto miguuni, manake lami hunyonya joto mchana kisha hulitoa jioni.

Eti tupande mwingine! Si mchezo. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu, hivyo hulowekwa kwanza katika maji ya moto. Isitoshe, mche wake una jani moja moja, si vidole vitano kama mti mzima, kwa hiyo wanaofyeka viwanja huung'oa wakidhani ni kwekwe. Kwetu tumeotesha miwili ndani ya mikebe. Bado tunatafuta kiwanja ambacho hakitauzwa.