Sinia Lisilo na Nyama

Kutoka bustani ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Mtaa wa Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu. Katika eneo hilo imo migahawa ambayo, kwa kufuata desturi ya dini, haipiki nyama, samaki wala mayai. Mlaji huletewa sinia lenye wali, chapati na vibakuli vya dengu, mboga, mtindi na achari. Je, mlo huo watosha kuujenga mwili?

Jibu limo katika mpangilio wa sinia lenyewe. Protini huundwa kwa amino asidi. Ngano na mchele vina upungufu wa laisini, ambayo dengu inayo kwa wingi. Dengu nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka huijaliza. Makande ya Upareni, yaani mahindi na maharage, yafuata kanuni hiyo hiyo.

Hata hivyo, tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, madini ya chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa shida: limau husaidia, ilhali chai inywewayo pamoja na chakula huzuia. Pili, mimea haina vitamini B12. Sinia la Kisutu huipata katika mtindi. Asiyetumia hata maziwa hana budi kuitafuta katika vidonge, hasa mama mjamzito, kwani upungufu wake hudhuru ubongo na neva za mtoto.

Basi, mwenye fedha kidogo sokoni Kariakoo asihuzunike akirudi bila nyama, mradi kikapuni mna unga, kunde, mchicha, limau na maziwa.