Mnofu wa samaki nao ni wa mtoto

Ukanda wa pwani unaoanzia Kunduchi, Ununio na Mbweni, ukapita Mapinga na Kaole hadi Bagamoyo mjini na Saadani, haukosi kitoweo. Asubuhi vyombo vinarudi kutoka baharini, samaki wananadiwa ufukweni, na kabla jua halijawa kali kina mama wengi wameshapata fungu la vibua au kisado cha dagaa. Minazi ipo, muhogo upo, mchicha unauzwa kila mtaa.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi mtoto wa mwaka mmoja na nusu bado anashibishwa wali uliomwagiwa mchuzi. Mnofu wa kwanza unakwenda kwa baba, unaobaki wanaugombea kaka na dada, na mdogo wa mwisho anaambulia ladha tu.

Mchuzi ni mtamu, lakini haumjengi mtoto kama unavyomjenga mnofu. Protini nyingi, pamoja na madini kama chuma na zinki, vimo kwenye nyama ya samaki yenyewe. Mtoto aliyeshiba wali na mchuzi tumbo lake limejaa, lakini mwili wake bado una njaa.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa asilimia 34. Hatua imepigwa, lakini bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu ni mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Huu si ufupi wa ukoo. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara na anaweza kupata shida ya kujifunza atakapofika darasani.

Sababu za kudumaa ni nyingi, zikiwamo kuhara, malaria na afya ya mama wakati wa ujauzito. Madhara makubwa hutokea tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, yaani siku zipatazo 1,000. Kilichopotea wakati huo ni vigumu kukirudisha baadaye. Lakini sahani ya mtoto ni jambo ambalo familia inaweza kulibadilisha leo hii, bila kuongeza hata shilingi kwenye fedha ya matumizi.

Kwa nini mdogo hukosa

Sababu ya kwanza ni miiba, na hofu hiyo ni ya haki. Mama akiwa na haraka, huona salama zaidi kumpa mtoto mchuzi kuliko kukaa na kuchambua mnofu. Dawa yake ni kuchagua samaki anayefaa. Kibua akichemshwa vizuri, nyama yake huachana na mfupa kirahisi, na unaweza kuipapasa kwa vidole safi kuhakikisha hakuna mwiba. Dagaa wakisagwa, miiba yao midogo huwa unga, nao huongeza kalisi ya mifupa na meno. Papa hana miiba ya kukwama kooni, lakini ni samaki mkubwa aishiye miaka mingi na mwili wake hukusanya zebaki. Asifanywe chakula cha mara kwa mara cha mtoto mdogo.

Sababu ya pili ni sinia. Kula pamoja ni malezi mema, mtoto hujifunza kusubiri, kunawa mikono na kula kilicho mbele yake. Ila mwenye miaka miwili hawezi kushindana na mwenye miaka tisa. Wakati yeye anatafuna tonge la pili, wenzake wamemaliza kitoweo. Mtoto mdogo awe na bakuli lake, hata kama ameketi kwenye mkeka uleule na wenzake. Hapo mama ataona kwa macho amekula kiasi gani.

Sababu ya tatu ni heshima ya baba. Kumtengea baba kipande kizuri ni desturi yenye upendo ndani yake, wala hakuna haja ya kuivunja. Baba mwenyewe anaweza kuikamilisha: akishawekewa, amegee mdogo wake mnofu kabla hajaanza kula. Watoto wakubwa wakimwona baba anafanya hivyo, nao watajifunza.

Kiasi gani, mara ngapi

Mpaka atimize miezi 6, mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo huanza kula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, akianza na vijiko vikubwa 2 au 3 na kuongezewa taratibu mpaka nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4, na katikati apate kitu chepesi kama ndizi mbivu, papai au embe. Akishatimiza mwaka, kila mlo ufikie robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima.

Kanuni ya jikoni ni moja: chota cha mtoto kwanza, chumvi na pilipili vije baadaye. Kwa njia hiyo chungu kimoja kinawatosha wote na hakuna haja ya kuwasha jiko mara mbili.

Unga wa dagaa

Chagua dagaa waliokauka vizuri, wasio na harufu mbaya. Toa vichwa, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga na chumvi vitoke. Anika juani huku ukiwafunika kwa kitambaa chepesi, nzi wasitue. Wakikauka, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike ukiwabana kwa vidole. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa chekecheke laini, kisha hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko.

Kijiko kimoja au viwili vya chai vinatosha kwenye bakuli la uji mzito, wali uliopondwa au viazi. Kwa mara ya kwanza mpe kidogo sana na umwangalie. Akitokwa na vipele au kuvimba, acha na umpeleke kituo cha afya.

Wenyeji wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi hupungua na bei hupanda. Mwenye nafasi anunue siku za giza, lakini atwange kidogo kidogo, kiasi cha wiki moja au mbili.

Muhogo wa nazi na vibua

Kinachohitajika ni vipande vitatu vya muhogo mtamu, vibua wanne, nazi moja, nyanya mbili, kitunguu, ndimu na bizari kidogo. Muhogo mchungu usitumike, una sumu isiyoondoka kwa kuchemsha kwa muda mfupi.

Menya muhogo, upasue, toa mzizi wa katikati, katakata na uoshe. Chemsha mpaka uanze kulainika, kisha mwaga maji hayo. Huku nyuma, vibua waliosafishwa wachemshwe na ndimu kwa dakika kama kumi, kisha chambua mnofu na kutupa mifupa yote.

Rudisha muhogo jikoni pamoja na tui jepesi, nyanya, kitunguu na bizari. Ukiiva kabisa, tia mnofu na tui zito, koroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke, lisije likakatika. Chota bakuli la mtoto na ulipondeponde. Sasa tia chumvi kwa ajili ya wengine, na anayetaka pilipili aipate pembeni.

Kunde za nazi kwa siku isiyo na samaki

Kusi likivuma kwa nguvu, au masika yakishika, samaki huadimika na watoto hawapaswi kurudi kwenye mchuzi mtupu. Kunde na choroko ndizo za kukimbilia. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha hadi zipasuke. Ongeza nyanya, kitunguu, karoti iliyokunwa na tui. Mwisho weka mchicha uliokatwa dakika chache kabla ya kuipua. Cha mtoto kipondwe na maganda magumu yachujwe.

Chuma kilichomo kwenye kunde na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na vitamini C. Kipande cha embe bivu, papai, chungwa, au kikombe cha maji ya ubuyu yasiyojazwa sukari vinafanya kazi hiyo. Chai ya rangi hufanya kinyume, huzuia chuma kisifyonzwe. Mtoto asiteremshie chakula kwa chai.

Uji wa asubuhi

Wa shule anaondoka alfajiri, mara nyingi na kitumbua kimoja na chai, akirudi mchana ana muda mfupi tu kabla ya kwenda chuo. Uji mzito humsaidia zaidi kuliko kitumbua pekee. Koroga unga wa dona, mtama au ulezi, uache uchemke vizuri, tia tui la nazi, kisha yai lililopigwa huku ukikoroga mpaka liive. Uji wa mdogo ushike kwenye kijiko. Ukitiririka kama maji, unamjaza tumbo bila kumpa nguvu. Wapo wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kusema. Si kweli, yai ni chakula chake. Asali ndiyo isubiri mpaka atimize mwaka mmoja.

Kuhusu unga wa lishe, kuchanganya nafaka nyingi hakuufanyi uwe bora. Nafaka moja na jamii moja ya kunde vinatosha. Karanga zisisagwe pamoja na nafaka na kuwekwa muda mrefu, kwa kuwa mafuta yake huharibika, na karanga au mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chambua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, saga kidogo na uziongeze kwenye uji siku ileile.

Kiporo nacho si aibu, ila chakula cha nazi huchacha haraka. Ukipanga wali ubaki hadi asubuhi, upike bila nazi, ufunike mara tu unapopoa, na asubuhi upashwe mpaka utoe mvuke kote.

Watoto jikoni

Anayeshiriki kupika hula kwa hamu. Wa miaka minne anaweza kuchambua kunde kwenye ungo na kuchuma majani ya mchicha. Wa miaka saba anaosha nyanya. Wa miaka kumi anaweza kukalia mbuzi na kukuna nazi, mama akiwa karibu, awe wa kiume au wa kike. Jiko la mkaa likiwa chini sakafuni, wanaotambaa wakae mbali. Mchuzi unaochemka na mafuta ya moto huunguza vibaya, na ajali hiyo hutokea kufumba na kufumbua.

Kazi moja apewe yule mkubwa zaidi kati ya watoto: kuleta bakuli la mdogo wao kabla ya sahani nyingine yoyote. Mama apakue humo wali au muhogo, mboga kidogo, na kipande cha samaki kinacholingana na kiganja cha mtoto, kilichochambuliwa miiba. Baada ya hapo ndipo sinia iandaliwe na baba awekewe chake.