Kijani cha Arabuko-Sokoke chaficha upungufu wa miti

MSAFIRI anayetoka Kilifi kuelekea Malindi huuona msitu wa Arabuko-Sokoke kushoto mwa barabara, umesongamana na kupendeza, akadhani haujaguswa. Hata hivyo, wingi wa miti ni jambo moja, na wingi wa aina za miti ni jambo jingine.

Msitu huo wa hifadhi, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 mraba, ndio mkubwa zaidi kati ya misitu mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Mvua hupungua kutoka milimita zipatazo 1,000 kwa mwaka upande wa bahari hadi 600 upande wa bara, nayo miti hubadilika vivyo hivyo. Mashariki mna mchanganyiko wa mbambakofi, msandarusi na mingineyo. Katikati, penye mchanga mweupe, hutawala mrihi. Magharibi, penye udongo mwekundu, humea mfunda na muhuhu.

Mkataji haramu haangushi mti wowote tu, bali huchagua. Mbambakofi humfaa seremala wa milango. Muhuhu, ulio mgumu na wenye harufu nzuri, umesakwa na wachonga vinyago kwa miaka mingi. Mti huu hukua polepole, una shina la kiume na la kike mbalimbali, na mbegu zake nyingi hazioti. Mikubwa ikiisha, uzazi hudhoofika. Michanga ikikatwa fito, warithi hukosekana. Pengo huzibwa na vichaka, na kwa mbali msitu ungali kijani.

Ndiyo maana watafiti hupima vipande vya ardhi, wakihesabu aina za miti, unene wa mashina, visiki na miche. Palipo na miti mizee bila miche, msitu umeanza kufa.

Hasara hiyo humgusa pia mwanakijiji. Tangu 1993, Mradi wa Kipepeo umewawezesha wakazi wa kando ya msitu kufuga vipepeo na kuuza mabuu waliojifunga kwa wanunuzi wa ng'ambo. Kiwavi wa kila aina hula majani ya mimea maalumu. Mmea ukitoweka, kipepeo wake naye hutoweka, pamoja na karo ya mtoto.

Wachongaji kadhaa wamegeukia mwarobaini, mti unaokua haraka mashambani. Kila kinyago cha mwarobaini huupunguzia muhuhu shoka moja.