Masikio Mazito: Uziwi Huingiaje, Hupimwaje, na Dawa Yake Nini? (Makala ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulipita pamoja na msomaji kutoka ganda la nje la sikio, tukaingia katika ile njia nyembamba yenye nta, tukafika kwenye kiwambo, na nyuma ya kiwambo tukaviona vifupa vitatu vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku, na cha mwisho ndicho kifupa kidogo kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu, kwani urefu wake ni kadiri ya milimita 3 tu. Tulikomea kwenye koklea, ile nyumba ya maji iliyojiviringa mfano wa konokono. Leo nataka nieleze jinsi njia hiyo inavyokatika, na kwa nini nashikilia kwamba jambo la kwanza, kabla ya dawa na kabla ya lawama, ni kupima.

Mtu akifika nyumbani kwa mwenziwe hupiga hodi, akangoja aitikiwe. Sauti nayo ni mgeni wa namna hiyo. Ikikosa kuitikiwa, sababu ni moja katika mbili: ama mlango umezibwa kwa vifusi, na mwenye nyumba yumo ndani mzima wa afya ila hodi haimfikii, ama mlango u wazi na hodi imefika, lakini aliyekuwa akiitikia hayupo tena. Uziwi wa kwanza ni wa njia, nao aghalabu hutibika. Wa pili ni wa neva, nao ukishaingia ni nadra kurudi nyuma, ijapokuwa una msaada. Wapo pia waliopatwa na yote mawili kwa pamoja.

Katika uziwi wa njia, jambo jepesi kuliko yote ni nta iliyoshindiliwa, na mwenye kuishindilia mara nyingi ni mwenye sikio mwenyewe, kwa njiti ya kiberiti au kijiti cha pamba, akidhani anasafisha. Jambo zito, tena linaloharibu masikio ya watoto wengi katika nchi zetu, ni usaha. Mtoto mdogo ana mrija utokao nyuma ya pua kwenda sikio la kati ambao ni mfupi na umelala, si kama wa mtu mzima ulioinama, kwa hiyo mafua yakimshika hupanda kwa urahisi mpaka nyuma ya kiwambo. Usaha ukijaa hapo, kiwambo hupasuka, maumivu yakatulia, na mama akashukuru kwamba mwanawe amepona. Kumbe ndipo maradhi yanapoanza. Sikio linalotoka usaha kwa muda unaopita wiki mbili limekwisha kuwa na maradhi sugu, na nimeona kwa macho yangu watu wakilitia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na maji ya vitunguu, na hata maziwa ya mama, ilhali kiwambo kina tundu na kila kinachotiwa huangukia moja kwa moja juu ya vile vifupa. Tiba ya awali si ya ajabu: kipande cha kitambaa safi cha pamba husokotwa kikawa kama utambi, kikaingizwa taratibu mlangoni mwa sikio, kikaachwa kifyonze, kikatolewa na kutupwa, kikaingizwa kingine, mpaka utambi wa mwisho utoke mkavu, kisha ndipo hutiwa matone aliyoyaandika tabibu. Dawa inayotiwa juu ya usaha huelea juu ya usaha, wala haifiki penye jeraha.

Nakumbuka binti mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akichapwa chuoni kwa kosa la kutoitika anapoitwa. Mwalimu alisema ni mkaidi, na wazazi wakasadiki, kwani nyumbani nako alikuwa hivyo hivyo. Alipochunguzwa masikio, viwambo vyote viwili vilikuwa vimetoboka. Fimbo zile alizokula bure bado zinaniuma.

Uziwi wa neva una habari nyingine. Ndani ya koklea zimepangwa seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, nazo ndizo tulizozaliwa nazo na hatuongezewi nyingine. Kuku, seli zake zikiharibiwa na kelele, humwota upya baada ya wiki chache. Mwanadamu, pamoja na ilimu yake yote, hakujaaliwa jambo hilo. Uziwi huu huletwa na homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, rubela inayomshika mama angali mja mzito, manjano kali ya mtoto mchanga, uzee, na kelele. Hata dawa huziua seli hizo. Wazee wetu waliokunywa kwinini wanakumbuka masikio yakivuma kama mzinga wa nyuki. Mvumo ule aghalabu ulikoma dawa ilipokwisha, lakini madhara ya kanamisini, iliyodungwa kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, hayakomi, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo isitumiwe tena kwa maradhi hayo. Simwambii mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa. Namwambia amwombe tabibu wake kwamba masikio yapimwe kabla ya sindano ya kwanza na yaendelee kupimwa.

Ama kelele, mfano wake ninao nyumbani. Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi katika korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, huko Tanga, akilisha majani katika mashine kuanzia alfajiri, bila ya kitu chochote masikioni. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba sikio laweza kustahimili desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 saa hizo hupungua zikawa 4 tu. Msomaji na ahesabu mwenyewe. Kelele huanza kuua seli za sauti nyembamba, na katika maneno yetu sauti hizo ni za herufi kama s, f na sh, ilhali irabu, ambazo ni nene, hubaki. Kwa hiyo mzee alikuwa akisikia kwamba mtu anasema, ila hakupata anachosema: akiambiwa wageni wamefika, yeye husikia wameshika, akauliza wameshika nini. Akapaziwa sauti, akakasirika kwamba anapigiwa kelele. Mwisho akaacha kutoka barazani jioni, na wajukuu wakimwamkia kwa nyuma haitikii, wakaambiana kwamba babu amenuna.

Kupima kwenyewe hakuumizi. Tabibu huanza kwa kuchungulia sikio kwa taa, kisha huchukua uma wa chuma wenye meno mawili, akaupiga ukalia, akausimamisha kitako chake juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio, halafu akausogeza mbele ya tundu la sikio na kuuliza ni wapi unasikika zaidi. Sikio zima husikia zaidi kwa hewa. Likisikia zaidi kwa mfupa, basi mlango umezibwa na mwenye nyumba yumo. Hila hiyo aliieleza Heinrich Adolf Rinne, tabibu wa Ujerumani, mwaka 1855, na hadi leo haijapitwa na wakati. Baada ya uma huja mashine: mtu hukaa katika chumba kimya, amevaa visikilizio, akabonyeza kitufe kila anaposikia mlio hata uwe hafifu vipi, na majibu yake yakachorwa katika karatasi, sikio kwa sikio. Mtoto mchanga asiyeweza kubonyeza kitu hupimwa kwa ajabu iliyogunduliwa na David Kemp huko London mwaka 1978, kwamba sikio zima, likipigiwa mlio, hurudisha mlio wake wenyewe, mdogo mno, unaonaswa na kinasa sauti kilichotiwa sikioni, mtoto akiwa amelala.

Tiba hufuata aina ya uziwi. Nta hulainishwa na kutolewa. Kiwambo kilichotoboka huwekwa kiraka kwa upasuaji. Kikuku kilichoganda hubadilishwa kwa cha kutengenezwa, kazi aliyoifanya kwanza John Shea wa Marekani mwaka 1956. Uziwi unaoingia ghafula katika siku moja hadi tatu, bila ya sababu inayoonekana, ni dharura, wala mtu asingoje Jumatatu, kwani dawa zake hufaa zaidi katika wiki mbili za mwanzo. Neva iliyoharibika husaidiwa kwa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, na ambaye shimesikio halimfai huweza kupandikizwa kifaa ndani ya koklea yenyewe, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2017. Na wako waliozaliwa viziwi ambao lugha ya alama ndiyo lugha yao kamili. Mtoto wa namna hiyo afundishwe mapema, na wazazi wajifunze pamoja naye, maana mtoto asiyepewa lugha yoyote katika miaka yake ya mwanzo amedhulumiwa zaidi ya kukosa kusikia.

Mjomba alikataa shimesikio miaka miwili kwa haya, akisema ni alama ya uzee. Alipolivaa, siku ya kwanza alikuwa mkali, akalalamika kwamba nyumba imejaa makelele; akauliza ni nini kinachokwaruza uani, nacho kilikuwa kandambili za mkaza mjomba, ambazo hakuzisikia kwa muda wa miaka. Tabibu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ubongo uliozoea ukimya huhitaji wiki kadhaa kuzoea tena, basi akastahamili, siku nyingine saa moja, siku nyingine mbili. Mwezi wa pili nilikuwa nimeketi naye, amekipa mgongo kizingiti, mjukuu akapita nyuma yake akitoka shule akasema, "Shikamoo, babu," kwa sauti yake ile ile ya kila siku, na mzee, bila ya kugeuka, akaitikia, "Marahaba."